Maji ya Rejeta: Tuchanganye Dawa Kiasi Gani, na Maji Gani?



Mwenzetu mmoja, dereva wa lori la kubeba majani mabichi ya chai magharibi mwa Uganda, alipewa barua na mwajiri wake. Barua ilisema kwamba ameiua injini kwa uzembe, na kwamba gharama ya matengenezo itakatwa katika mshahara wake kila mwezi mpaka iishe. Siku ile lori lilikuwa limechemsha mlimani kwa mara ya tatu katika juma moja. Utingo alifungua kifuniko cha rejeta kwa haraka ili aongeze maji ya mtaroni, na mvuke ukamrukia ukamuunguza mkono na shingo. Maji yale ya baridi yalipoingia katika injini iliyokuwa moto, silinda hedi ikapasuka.

Injini ilipofunguliwa gereji, mafundi walikuta vijia vya maji vimezibwa na kutu na ukoko mweupe. Kitabu cha stoo kilipotazamwa, hakikuonyesha hata lita moja ya dawa ya rejeta iliyotolewa kwa lori lile kwa miaka mitatu. Na katika kitabu cha safari, dereva alikuwa ameandika mara kadhaa kwa mkono wake: "Rejeta inapungua maji." Vitabu hivyo viwili ndivyo vilivyomwokoa. Barua iliondolewa na mshahara haukukatwa. Kovu la utingo limebaki.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuzungumze juu ya maji ya rejeta. Wengi wetu tunaendesha malori, matrekta ya miwa na chai, na mashine za umeme za kiwandani ambazo nazo zina rejeta. Jambo hili hudhaniwa kuwa dogo, lakini ndilo linalokula injini nyingi, na mara nyingi lawama humwangukia mfanyakazi.

KAZI YA MAJI NDANI YA INJINI

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, sehemu tu ya nguvu yake ndiyo inayozungusha magurudumu. Sehemu kubwa hugeuka kuwa joto. Joto hilo lisipoondolewa, pistoni huvimba na kukwama, na injini hunoki. Kwa hiyo pampu husukuma maji yapite katika vijia vya bloku na silinda hedi, yakusanye joto, kisha yaende kwenye rejeta ambako upepo wa feni huyapoza. Halafu hurudi tena. Injini nyingi hupenda maji yawe na joto la digrii 85 hadi 95 za Selsiasi. Anayelinda kiwango hicho ni thamostati: hufunga njia ya rejeta injini ikiwa baridi, na kuifungua ikipata joto.

Hapa tuseme neno moja kwa mafundi wetu. Imekuwa desturi kung'oa thamostati na kuitupa "ili gari lipoe". Si dawa. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na huchakaa upesi. Tena katika injini nyingine, thamostati ikiondolewa, maji mengi huzunguka ndani kwa njia ya mkato bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi kuliko kwanza. Thamostati iliyoharibika ibadilishwe, isitupwe tu.

"SISI HATUNA THELUJI, DAWA YA NINI?"

Swali hili tunaulizwa kila mara, nalo ni swali la haki. Dawa ya rejeta, ambayo wengine huiita kulanti, ilianza kutumika katika nchi za baridi ili maji yasigande na kupasua bloku. Mchanganyiko wa nusu dawa na nusu maji hauanzi kuganda mpaka baridi ifike karibu digrii 37 chini ya sifuri. Hapa kwetu baridi hiyo haipo. Je, tunatupa fedha bure? Hapana, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kutu. Ndani ya injini mna chuma, mna alumini, na katika rejeta za zamani mna shaba na risasi ya kulehemia. Madini mbalimbali yakikutana ndani ya maji, hutokea umeme mdogo kama ule wa betri, na madini moja huanza kuliwa. Dawa nzuri ina viungo vinavyofunika madini hayo na kuzuia yasiliwe. Maji matupu hayana kinga hiyo. Baada ya muda hugeuka rangi ya chai ya rangi, na kutu husafiri mpaka kwenye vijibomba vyembamba vya rejeta, ikakaa humo.

Ya pili ni kuchemka. Maji huchemka kwa digrii 100 pale Mombasa, usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema: kila mita 300 hivi hupunguza digrii moja. Kampala, penye mita kama 1,200, maji huchemka kwa digrii 96. Lori linalotoka Mombasa kuja Uganda hupita Timboroa, juu ya mita 2,700, ambako maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 91 tu. Kumbukeni kwamba injini yenyewe inataka kufanya kazi kati ya 85 na 95. Pale juu, tena mlimani, tena na mzigo, maji matupu hayana nafasi iliyobaki.

Vitu viwili huongeza nafasi hiyo. Kimoja ni dawa: mchanganyiko wa nusu kwa nusu, usawa wa bahari na bila kufungiwa, huchemka karibu digrii 107. Cha pili, na chenye nguvu zaidi, ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho kina springi inayobana maji yasichemke upesi. Juu yake huandikwa namba, kama 0.9 au 1.1. Kifuniko cha 0.9 kilicho kizima huweza kupandisha kiwango cha kuchemka kwa karibu digrii 20. Kwa hiyo dereva aliyeweka gunzi, tambara au kifuniko cha gari jingine mahali pa kifuniko halali, amepoteza kinga kubwa kuliko ile ya dawa. Mpira wa kifuniko ukipasuka, nunueni kingine chenye namba ile ile.

KIASI GANI?

Dawa nyingi zinazouzwa zikiwa nzito zimetengenezwa kwa kitu kiitwacho ethilini glaikoli. Watu hudhani kwamba kwa kuwa dawa ni nzuri, basi dawa tupu ni nzuri zaidi. Hilo ni kosa. Kinachobeba joto vizuri ni maji. Dawa peke yake hubeba joto kidogo kuliko maji, tena ni nzito kusukumwa. Rejeta iliyojazwa dawa tupu hupoza vibaya.

Kwa hiyo kuna mipaka miwili. Dawa ikipungua chini ya theluthi moja, viungo vya kuzuia kutu huwa vyepesi mno na haviwezi kazi. Ikizidi sehemu sita katika kumi, injini hupoa vibaya. Katikati ya mipaka hiyo:

Nusu dawa na nusu maji ndicho kipimo ambacho watengenezaji wengi wa magari huandika kitabuni. Kinafaa kwa malori ya milimani na matrekta ya kazi nzito.

Sehemu moja ya dawa kwa sehemu mbili za maji ni kipimo cha chini. Mahali pasipo na baridi ya kugandisha kinaweza kutosha, ikiwa kitabu cha gari au maandishi ya mtungi wa dawa yanaruhusu.

Kitabu cha gari ndicho hakimu. Kikisema kipimo kingine, fuateni kitabu.

Angalieni pia kwamba dawa huuzwa kwa namna mbili. Moja ni nzito, ya kuchanganywa. Nyingine imekwisha changanywa kiwandani, nayo humiminwa kama ilivyo. Tumeona gereji ambako dawa iliyokwisha changanywa nusu kwa nusu iliongezwa maji kiasi kile kile. Matokeo yake ni robo ya dawa na robo tatu ya maji: fedha imetumika, na kinga haipo. Someni mtungi kwanza. Kama mtungi hauna maandishi yoyote ya kueleza mna nini ndani, uacheni dukani. Kuna chupa zinazouzwa zenye maji ya rangi tu.

MAJI GANI?

Maji ya kisima kirefu mara nyingi yana chokaa na chumvi nyingine za ardhini. Mama jikoni anayajua: ndiyo yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, na sabuni haifanyi povu. Ukoko ule ule hujengeka ndani ya injini. Nao ni kama blanketi: joto halipiti. Mshale wa joto unaweza kuonyesha kwamba mambo ni sawa, kumbe chuma kilicho nyuma ya ukoko kinaungua. Tena aina nyingine za dawa zikikutana na chokaa hufanya machicha, na viungo vyake vya kinga huishia humo.

Maji bora ni yale yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa tena, ndiyo yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza betri. Lakini tahadhari kubwa: mahali pengine mtu akisema "maji ya betri" anamaanisha asidi. Asidi ikiingia kwenye rejeta huila, na ikimrukia mtu humpofusha. Hakikisheni maandishi kabla ya kumimina.

Yasipopatikana, maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima, kwa kuwa hayana chokaa. Acheni mvua ioshe bati kwanza, kisha kingeni, chujeni kwa kitambaa safi na mfunike. Maji ya bomba ya mjini ni ya tatu. Maji ya mtaroni na ya kinamasi ni ya dharura tu, na yakitumika lazima yamwagwe yote mara gari lifikapo gereji. Maji ya bahari, kwa wenzetu walioko pwani, yasitiwe kamwe.

RANGI ISITUDANGANYE

Dawa huwa ya kijani, nyekundu, ya waridi, bluu au ya machungwa. Hapo zamani wengi walizoea kijani kuwa ya aina ya zamani, ya kubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, na nyekundu au ya machungwa kuwa ya maisha marefu, miaka 5 hivi. Leo hakuna sheria ya rangi inayofuatwa na viwanda vyote. Kila mmoja hutia rangi apendayo. Kwa hiyo kijani cha mtungi huu kinaweza kisiwe ndugu wa kijani cha mtungi ule. Aina mbili zikichanganywa, kinga hupungua upesi, na nyingine hufanya ute unaoziba rejeta. Kama hamjui iliyomo, msiongeze juu yake: mwageni, osheni, mjaze upya.

Kwa malori makubwa na matrekta ya dizeli kuna jambo la ziada. Injini nyingi za namna hiyo zina laina zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Laina hutikisika kila mlipuko, na mtikisiko huo hufanya viputo vidogo vya mvuke. Viputo vikipasuka hugonga chuma kama nyundo ndogo, siku baada ya siku, mpaka kitundu hutoboka na maji kuingia ndani ya silinda. Dawa ya magari madogo inaweza isiwe na kinga dhidi ya jambo hilo. Mwagizieni mtu wa stoo dawa iliyoandikwa kuwa ni ya injini nzito za dizeli.

KUOSHA NA KUJAZA

Kazi hii hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa. Fungueni koki ya chini ya rejeta, na koki ya bloku ikiwapo, mkinge maji ya zamani kwenye beseni. Jazeni maji safi, washeni injini mpaka thamostati ifunguke, zimeni, ngojeni ipoe, mwageni tena. Rudieni mpaka maji yatoke meupe.

Sasa kuna mtego. Hata mkimwaga, maji ya kuoshea hubaki ndani ya bloku, mara nyingine zaidi ya theluthi moja. Mkijaza mchanganyiko wa nusu kwa nusu juu ya maji hayo, hamtapata nusu. Njia iliyo sawa ni hii: tafuteni kitabuni injini yote inachukua lita ngapi. Tuseme 20. Nusu yake ni 10. Mimineni kwanza lita 10 za dawa nzito isiyochanganywa, kisha malizieni kwa maji mpaka ijae. Washeni injini, acheni hewa itoke, ikipoa ongezeni kilichopungua. Bandikeni karatasi kwenye gari: tarehe, aina ya dawa na kipimo.

KUONGEZA NJIANI

Hapa ndipo kinga inapopotea bila mtu kujua. Tuchukue injini ya lita 10 iliyojazwa nusu kwa nusu, yaani dawa lita 5. Inavuja. Zikipotea lita 2 na dereva akaongeza lita 2 za maji matupu, dawa iliyobaki ni lita 4. Akirudia mara ya pili, inabaki lita 3.2. Mara ya tatu, lita 2.56, yaani robo tu. Mara mbili tu zimetosha kuiangusha chini ya kipimo cha chini, na rangi bado inaonekana ndani ya maji ikimfariji. Kwa hiyo kila lori libebe jerikeni ya mchanganyiko uliokwisha pimwa, ili anayeongeza aongeze kilicho sawa.

Na rejeta isiyovuja haimalizi maji. Ikipungua kila juma, kuna sababu: mpira umechoka, pampu inalia, kifuniko hakibani, au gasketi imeungua. Maji yakiwa kama maziwa yenye mafuta, msiendelee na safari.

HATARI MBILI: MVUKE NA SUMU

Gari likichemsha, simameni mahali pa usalama na mzime injini. Msiguse kifuniko. Ngojeni nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza. Ndipo mfunike kifuniko kwa tambara nene, mkizungushe kidogo, pumzi iishe, kisha mkifungue. Ongezeni maji polepole injini ikiwa imepoa. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kwa mganga. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga.

Hatari ya pili haina kelele. Ethilini glaikoli ni sumu, nayo ina ladha tamu. Mtu mzima anaweza kufa kwa kunywa kiasi kisichojaza kikombe cha chai, na mtoto kwa kiasi kidogo zaidi. Aliyekunywa huonekana kama mlevi, kisha hutapika, na baada ya siku moja hadi tatu figo hukataa kazi. Akionekana amepata nafuu msidanganyike. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na mtungi wenyewe, kwa kuwa dawa ya kumtibu ipo, ila yataka iwahi.

Kwa hiyo dawa isiwekwe kamwe ndani ya chupa ya soda. Jerikeni ya dawa isirudi nyumbani kuchotea maji, hata ikioshwa. Maji yaliyomwagwa yasiachwe kwenye beseni uani, ambako watoto, mbuzi na mbwa hupita, wala yasimwagwe mtoni wanakochota watu wa kambini.

NANI ANUNUE, NANI ALIPE?

Dawa ya rejeta ni sehemu ya matengenezo ya mali ya mwajiri, kama mafuta ya injini. Si ya dereva kununua mfukoni mwake. Hapa Uganda zipo Sheria ya Ajira na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, zote za mwaka 2006, na hii ya pili inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Glavu na miwani ya gereji ni haki, si zawadi. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema katika kifungu cha 8 kwamba mshahara usikatwe ila kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mkataba wa pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Barua ya meneja peke yake haimo katika orodha hiyo.

Lakini haki hutaka ushahidi. Tuna wajibu wetu pia. Dereva asiyetazama maji asubuhi, au anayeona mshale umefika kwenye nyekundu na bado anakanyaga mafuta "tumalize mlima", hatuna la kumtetea. Aangalie, aandike, aripoti. Akiletewa karatasi ya kukubali kukatwa, asitie sahihi kabla ya mwakilishi wa chama kuisoma.

YA KUBANDIKA UKUTANI MWA GEREJI

1. Tazama maji kila asubuhi, injini ikiwa baridi.
2. Nusu dawa, nusu maji, isipokuwa kitabu kimesema vingine. Kamwe si chini ya theluthi moja ya dawa.
3. Maji yaliyokenekwa kwanza, ya mvua pili, ya bomba tatu.
4. Usichanganye aina mbili za dawa kwa kutazama rangi.
5. Beba mchanganyiko njiani, si maji matupu.
6. Kifuniko chenye namba yake. Usikifungue kikiwa moto.
7. Dawa ni sumu tamu. Iandike, ifungie, iweke mbali na watoto.
8. Kila upungufu uandikwe kitabuni, pamoja na tarehe na jina la uliyemwambia.

Kama mahali penu pa kazi dawa haitolewi, mwakilishi wenu aliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao na mwajiri. Aende na kitabu cha safari mkononi. Bei ya mitungi michache ya dawa ni ndogo sana mbele ya bei ya injini moja, na mwajiri yeyote anayejua hesabu ataliona hilo akionyeshwa.